Springi za Fundi Cherehani

Mume wangu Laurenti ni fundi cherehani mzuri, na hilo ndilo tatizo. Angekuwa fundi mbovu angejua kwamba duniani kuna kazi za watu wengine. Lakini tangu ashone suti ya paroko wetu, ikamkaa paroko hadi watu wasiosali kwetu wakaulizia imeshonwa wapi, mwanamume huyu anaamini kwamba fundi ni fundi tu. Bomba likivuja, yeye. Redio ikinyamaza, yeye. Redio yetu, nikwambie, mpaka leo imenyamaza.

Nilivumilia, kwa sababu redio si mama yangu. Habari ya springi ilimhusu mama yangu mzazi, na hapo ndipo uvumilivu wangu unapoishia.

Binti yetu Emiliana, tunamwita Emi, alikuwa apokee Kipaimara Jumapili. Jina ni la bibi yake, mama yangu, na bibi yake ndiye aliyekuwa awe msimamizi, yule anayesimama nyuma yako mbele ya askofu na kukuwekea mkono begani. Tulimpendekezea Emi wasimamizi wengine, wanawake wazuri wa jumuiya wanaokaa hatua chache kutoka kanisani. Alikataa wote. "Kama Bibi haji, na mimi siendi," alisema, akakunja mikono. Sikuweza kumgombeza. Ukaidi ule naujua ulikotoka, na haukutoka kwa baba yake.

Basi jambo lilikuwa moja tu: Mama atoke kwake Ilongero, afike kanisani Singida mjini Jumapili asubuhi, kabla maandamano ya askofu hayajaingia ndani.

Bodaboda hapandi. Anasema hajafikia kukaa amemkumbatia mwanamume ambaye ukoo wake haujui. Kuja Jumamosi akalala kwetu haiwezekani, maana kwetu mama mkwe halali nyumba ya mkwewe. Lililobaki ni gari letu, Noah ya zamani, na gari letu Mama alikuwa amelisusa tangu Pasaka.

Siku hiyo ya Pasaka springi za nyuma zilikuwa zimechoka kabisa, gari linakaa chini kama kuku anayeatamia. Barabara nayo ilikuwa imechimbwa na mvua. Tulipoingia korongo la kwanza, Mama aligonga kichwa kwenye paa. La pili, meno yake ya bandia yalitoka, yakapita dirishani, tukayakuta kwenye shamba la alizeti la watu. Mama aliyafuta kwa khanga, akayarudisha mahali pake, akanigeukia.

"Mwambie mumeo gari lake silipandi tena mpaka lijifunze adabu."

Laurenti alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika kitasa cha mlango. Lakini huyo ni mama mkwe, na huyu ni mkwe. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni. Wengine siku hizi wamelegeza, wanataniana mpaka kwenye simu. Mama yangu hajalegeza kitu, na kwenye mila ameongezea ya kwake: haongei na Laurenti, na jina lake halitamki. Tangu niolewe mimi ndiye mnara wa simu kati yao.

"Mama anasema halipandi gari mpaka lijifunze adabu," nikamwambia Laurenti.

"Mwambie Mama nimesikia."

"Anasema amesikia."

Ndivyo tunavyoishi.

Kipaimara kilipokaribia nikamwambia mume wangu, kwa upole ambao sina mwingi, ampelekee Miraji gari. Miraji ana gereji nyuma ya soko, na kazi yake ni hiyo, kulala chini ya magari. Laurenti akanuna. Wawili hao wana ugomvi wa suruali. Miraji alimrudishia suruali moja akidai mguu mmoja unafika chini kabla ya mwenzake, Laurenti akajibu kwamba suruali iko sawa, miguu ya Miraji ndiyo iliyopishana. Toka hapo Miraji anajishonea mwenyewe. Umewahi kumwona mtu aliyeshona makalio ya suruali kwa waya wa breki? Akiinama, watu wanageuka pembeni kwa huruma.

Nikaona nitumie mfano huo huo. "Baba Emi, umeiona suruali ya Miraji alivyojishonea?"

"Nimeiona. Aibu tupu."

"Unaona sasa mtu akiingilia kazi isiyo yake?"

"Naona sana," akasema Laurenti, amesikitika kweli kweli. "Ndiyo maana mimi husema kazi apewe fundi." Kisha akachukua jeki akatoka uani.

Nilibaki na mwiko mkononi, sijui nimpige nao au nikoroge uji.

Alikuwa ameshanunua springi kwa muuza vyuma vya mtumba. Zilikuwa ndefu na nene, za gari kubwa la kubebea mizigo, na hata mimi nisiyejua kitu niliona haziwezi kuwa za Noah. Nikamuuliza. Akanitazama kama mteja mjinga.

"Sare ya mtoto wa shule unanunuaje? Unanunua kubwa ili akue nayo."

"Gari halikui, Laurenti."

"Litazoea."

Akavaa futi yake shingoni, chaki sikioni, akaanza kulipima gari. Alipima kiuno cha gari, akapima kutoka kiunoni hadi chini, akachora mistari ya chaki juu ya matairi mahali anapotaka bodi ifikie. Lilikuwa gari la kwanza Singida kupimwa nguo. Kwenye simu aliweka video ya jamaa mmoja anayebadilisha springi huku akipiga mluzi, na Laurenti naye akapiga mluzi, akidhani ni sehemu ya kazi.

Springi ya kwanza ya zamani ilipofunguka haikusubiri kutolewa. Iliruka. Ilipita juu ya kamba ya nguo, ikaangukia banda la kuku, na jogoo wetu akatoka pale akiwa na imani mpya. Alikaa siku mbili bila kuwika. Nilipiga kelele hadi majirani wakaja, wakaniuliza nani amefariki.

"Hakuna aliyefariki," akajibu Laurenti kutoka chini ya gari. "Kazi inaendelea."

Alipomaliza springi akaweka juu yake spesa, zile pete nene za mpira za kulinyanyua gari zaidi. Nikamwambia gari limeshakuwa juu vya kutosha. Akasema spesa ni pindo. "Nguo yoyote nzuri ina pindo, Mama Emi. Ikionekana ndefu, baadaye unafumua."

Kisha nikaona nati chini, juu ya gazeti. Nati na mipira fulani, na bolti moja imelala peke yake.

"Hizi je?"

"Zimebaki."

"Zimebaki vipi?"

"Kwani ukimpelekea fundi kitambaa, hakibaki? Kinachobaki ni cha fundi." Akazitia mfukoni kwa furaha ya mtu aliyepata faida.

Nilikasirika mpaka nikasikia joto masikioni. Nilimwambia kama gari litamwangusha mama yangu njiani, ajue amenishonea sanda na yeye amejishonea kaptula ya jela. Akarudi chini ya gari na uso umemshuka, akairudisha ile bolti na zile nati, maana hofu nayo ni fundi. Mipira aliiacha mfukoni.

Gari lilipotolewa kwenye jeki halikushuka. Lilibaki pale pale juu, makalio hewani na pua chini, kama mbuzi anayekunywa maji. Laurenti alilizunguka akipapasa mistari yake ya chaki. Vipimo vyote vilikuwa sawasawa. Alifurahi sana, na mimi nikajitahidi kufurahi.

Sasa nikwambie kuhusu gauni, maana bila gauni hutaelewa yaliyotupata.

Wiki hizo hizo Laurenti alikuwa anamshonea Mama gauni la Kipaimara. Kitenge cha bluu chenye maua ya njano, kola ya kusimama, mikono ya kupuliza, na sketi ya kubana hadi chini ya goti. Kwa kweli lilikuwa gauni. Nimeolewa na mtu huyu kwa sababu ya mikono ile, nisiseme uongo. Kwa kuwa mkwe hawezi kumpima mama mkwe, nilitumwa mimi na futi. Mama alisimama wima, visigino vimegusana, kama yuko gwaride, nikaandika namba. Laurenti akashona namba. Likamkaa Mama kama ngozi yake. Ila hakuna aliyemuuliza Mama kama siku hiyo atakuwa anatembea. Laurenti hawezi kuuliza habari za miguu ya mama mkwe wake, na mimi sikufikiri.

Jumapili Emi alitangulia kanisani na wenzake, nguo nyeupe, uso mkavu. "Mlete Bibi," aliniambia.

Tukaenda Ilongero. Njia nzima gari lilikuwa linaruka, maana springi za gari la mizigo chini ya watu wawili hazijui zifanye nini. Halikugonga chini hata mara moja, namsifu kwa hilo. Lilikuwa haligusi chini kabisa. Kutoka nyuma ulitoka mlio wa kwi-kwi-kwi, na Laurenti akaongeza mluzi wake ili nisiusikie.

Mama alikuwa amesimama mlangoni ndani ya gauni, na mtandio wa njano begani. Laurenti aliteremka, akageuza uso kando kama inavyopasa, akachuchumaa kidogo. "Shikamoo, Mama." Salamu hiyo tu ndiyo inayovuka bila mimi.

"Marahaba," Mama akauambia mti wa mkunazi. Kisha akanigeukia. "Mwambie mumeo nguo imekaa."

"Mama anasema nguo imekaa."

Laurenti aling'aa kama aliyepewa shamba.

Mama akaja, kwa hatua fupi fupi za ndani ya gauni, hadi kwenye mlango wa pembeni wa gari. Akautazama. Sakafu ya gari ilimfikia karibu na kiuno. Akainua mguu. Mguu ulipanda kidogo, gauni likasema basi. Akajaribu mwingine, gauni likasema vile vile. Nikaleta kigoda. Hata kigoda hakikupandika, maana magoti yalikuwa yamefungwa pamoja kwa uzi mzuri wa mume wangu.

Nilimtazama Laurenti, naye alikuwa anautazama mlango wa gari, kisha gauni, kisha mlango tena. Nikaona inamwingia. Alikuwa amepima gari lote, juu na chini na kiuno, na hakumpima mtu aliyekuwa anamtengenezea. Na angempimaje?

"Akae mbele," nikasema, "mbele ni chini."

Wote wawili waliniangalia kwa mshtuko. Mbele ni karibu na dereva. Mama mkwe akae bega kwa bega na mkwewe kutoka Ilongero hadi mjini? Nikaomba radhi.

"Basi Mama badilisha nguo, utaivaa ukifika."

"Nguo niliyoshonewa na mkwe, nimeshaivaa, ameshaniona, niivue?" Mama akaendelea kwa Kinyaturu, na hayo siyaandiki.

Nikajaribu kumsukuma mimi. Mama yangu si mwepesi, amelelewa kwa uwele na maziwa. Nilimsukuma hadi mtandio ukadondoka na tukaanza kucheka wote wawili. Laurenti, mwanamume mwenye nguvu, alisimama na mgongo wake umetugeukia, anakunja na kukunjua mikono, hawezi kugusa. Kicheko kikaniisha. Jua lilikuwa linapanda, na nilimwona Emi amesimama peke yake kwenye mstari.

Mama ndiye aliyefikiri. Pembeni ya nyumba yake kuna jiwe kubwa, yale mawe yetu ya Singida, linaanza chini kwa mteremko mdogo na kuishia juu kwenye bapa anapoanikia mtama. "Mwambie mumeo alete gari hapa. Kinyumenyume."

"Mama anasema ulete gari, kinyumenyume."

"Mwambie Mama nakuja."

"Anakuja."

"Arudi nyuma kidogo."

"Rudi nyuma kidogo."

"Mwambie nimesikia."

"Amesikia! Wote mmesikia! Mna masikio!" nikapiga kelele, mpaka mbuzi wakaacha kutafuna.

Mama akapanda jiwe taratibu, akasukuma mtama wake kwa mguu, na pale juu sakafu ya gari na jiwe vikawa sawa. Akaingia kama malkia anayeingia sebuleni kwake. Kabla hatujaondoka alitoa meno yake akayafunga kwenye leso, akanipa niyashike, kwa sababu mtu huumwa na nyoka mara moja.

Tuliruka hadi mjini. Mama alisali rozari kwa sauti, na kila shimo lilimkatisha katikati ya Salamu Maria, naye akairudia kutoka mwanzo. Sidhani kama alimaliza hata fungu moja la rozari. Lakini tulifika, na maandamano yalikuwa bado nje. Watoto wamejipanga mlangoni wawili wawili na wasimamizi wao. Askofu alikuwa anavalishwa kofia yake. Emi alikuwa mwisho wa mstari, peke yake, na alipoliona gari uso wake ulifunguka.

Nikafungua mlango. Mama akavaa meno, akaweka mtandio sawa, akasogea ukingoni. Akatazama chini.

Uwanja wa kanisa letu umefagiliwa vizuri sana. Hauna jiwe hata la kumpiga kunguru.

Hatukuwa tumefikiria kushuka. Naapa, katika akili zetu tatu haikuwemo hata moja iliyofikiria kushuka.

Mama mmoja wa kwaya alileta kiti cha plastiki. Kilikuwa chini mno kwa hatua ya gauni lile. Wanawake wakaja wanne, wakanyoosha mikono wambebe. Mama akarudi nyuma. "Sishushwi kama gunia la alizeti mbele ya baba askofu," alisema, na machozi yalikuwa yanamlenga. Ndipo nilipojua kwamba haikuwa kichekesho tena. Mama hakuwahi kulia hata siku ya meno. Kengele ikalia. Mstari ukaanza kusogea. Emi alikuwa anatazama nyuma huku mtoto wa mbele yake akienda, pengo likazidi kukua, yeye hasogei.

Laurenti alikuwa amesimama upande wa pili wa gari. Nilimwona akiingiza mkono mfuko wa shati, mahali anapoweka wembe wake wa kufumulia, umefungwa kwa karatasi. Aliutazama. Wateja wake wote walikuwa pale uwanjani, na tangu asubuhi walikuwa wanalisubiri gauni lile kama wanavyosubiri bibi harusi. Akazunguka gari akirudi kinyumenyume ili asimtazame Mama, mkono nyuma, mpaka wembe ukafika kwangu.

"Mshono wa nyuma," akasema kwa sauti ndogo. "Anza chini. Fuata uzi, usiguse kitambaa. Mpaka juu ya goti."

"Laurenti, gauni lako."

"Fumua, Ritha."

Nikafumua. Nilisikia uzi ukikatika mmoja mmoja, na kila ulipokatika mgongo wa mume wangu ulishtuka. Alikuwa ameshona imara, mjinga yule, alikuwa ameshona mara mbili. Nilipofika juu ya goti gauni likafunguka, na Mama akainua mguu wake, akautazama kama rafiki aliyerudi safari. Mguu kwenye kiti. Mguu chini. Kisha mama yangu mwenye magoti mabovu akakata uwanja mbio, pande mbili za gauni zikipepea nyuma kama mkia wa kasuku, akamfikia Emi mlangoni kabisa mwa kanisa na kumbandika mkono begani.

Mimi nililia. Laurenti alisema ni vumbi, lakini alikuwa anazungumzia macho yake mwenyewe.

Baada ya ibada watu walitoka kupiga picha. Wasichana wa kwaya walikuwa wamemzunguka Mama wanaulizia mpasuo ule wa nyuma, ni mtindo gani, umetoka Dodoma au wapi. Laurenti alijificha nyuma ya gari lake akiona aibu. Miraji naye alikuwepo, amekuja kumpongeza Emi, amesimama anaitazama Noah kutoka pua hadi mkia bila kusema neno, na kwa heshima hiyo ya kunyamaza namshukuru mpaka leo. Alipoinama kuchungulia chini, sisi tukageuka pembeni.

Mama aliwaacha wasichana, akaja. Nikajiandaa kupokea ujumbe. Akanipita. Akasimama karibu na gari, ubavu ubavu, macho yake kwenye mnara wa kengele.

"Laurenti," akasema.

Mume wangu aliduwaa. Tangu anioe hakuwahi kulisikia jina lake kutoka mdomo ule.

"Nguo iache hivi hivi," Mama akaliambia lile jengo la kanisa. "Gari ndilo ulifumue."

Laurenti akanigeukia mimi, kwa mazoea. "Mwambie Mama nimesikia."

"Mwambie mwenyewe," nikamjibu.

Akatazama chini, kwenye viatu vyake. Mkono ulikuwa mfukoni, unachezea ile mipira iliyobaki.

"Nimesikia, Mama," akasema, na akamwita Miraji.